Namna ya Kulikamata Jani Jekundu la Rumonge Kabla Jua Halijazama Kongo

Kila mwaka ifikapo Oktoba, simu za watu wa Rumonge, hapa Burundi, huanza kupokea majani. Yanatoka Brussels, yanatoka Liège, yanatoka Toronto, kwa shemeji, kwa binamu, kwa mtoto wa mjomba aliyeondoka na begi moja. Bustani nzima imewaka kama mkaa uliopepewa: mti wa manjano, pembeni yake mwekundu, na chini yake binamu mwenyewe ndani ya koti linaloweza kuhifadhi familia. Maneno yanayofuatana na picha hayabadiliki: "Huku ndiko kwenye rangi. Huko kwenu ni kijani tu mwaka mzima."

Mwongozo huu umeandikwa ili binamu apate jibu, tena jibu la picha. Rumonge tunayo majani mekundu, tunayo ya shaba, tunayo ya rangi ya mawese yaliyokamuliwa leo, na tunalo jua la jioni linalotujia likiruka juu ya Ziwa Tanganyika, lenye kina kinachofika mita 1,470. Tunachokosa ni picha zake, na tunazikosa kwa sababu mbili: tunawinda majani kwa kalenda ya Ulaya, kisha tunayahariri kwa macho ya Ulaya. Fuata hatua hizi nane kwa mpangilio. Anayeruka hatua atarudi nyumbani na picha nzuri sana ya kidole chake.

Hatua ya 1: Lijue jani unaloliwinda

Ulaya jani hugeuka rangi likiwa linaaga. Siku zikifupika na baridi ikibisha hodi, mti huvunja klorofili, ile rangi ya kijani inayoupikia chakula, na kurudisha shinani kila chenye thamani. Manjano iliyokuwa imejificha nyuma ya kijani hujitokeza. Wekundu nao hutengenezwa upya katika siku hizo za mwisho, kwa rangi iitwayo antosianini.

Kwetu jani jekundu lililo zuri kuliko yote ni mtoto mchanga. Kwenye vilima vilivyo nyuma ya mji kuna hifadhi ya msitu ya Rumonge, kipande cha miyombo iliyosalia upande huu wa ziwa. Miyombo hii ni ndugu wa ile ya Kigoma, Tabora na Katavi, ukoo mmoja unaotambaa hadi Zambia na Angola. Hapa Burundi ndipo unapokaribia kuishia upande wa kaskazini. Kiangazi, ambacho kwa Kirundi huitwa ici, huivua majani. Kisha mwezi Septemba, udongo ukiwa bado mkavu kama kigae na mbingu haijatoa hata tone, myombo huchota maji uliyoyaweka akiba na kuchipua. Machipukizi hayo hutoka mekundu, ya zambarau, ya waridi, ya shaba. Antosianini ileile inayomsindikiza mzee wa Ulaya hapa inamlea mtoto: wataalamu wengi huiona kama mwavuli unaolikinga jani changa na jua wakati klorofili yake bado haijakomaa. Mvua zinapokaza, mwavuli hukunjwa na mlima hurudi kuwa kijani. Una wiki chache tu.

Kama mlima ni mbali, mwembe ulio uani kwako hufanya vivyo hivyo, tena zaidi ya mara moja kwa mwaka. Majani yake machanga huning'inia malegevu, rangi ya ini, kama nguo zilizoanikwa bila kukamuliwa. Na kama moyo wako unataka hasa jani la kuaga, lile la binamu, nenda kwa mkungu. Huo ndio mti wetu wa pwani na wa maziwa unaogeuza majani yake kuwa mekundu na ya machungwa kabla ya kuyadondosha. Jani lake ni pana kama sahani na nene kama ngozi ya kiatu.

Hivyo una wekundu wa namna mbili: wa anayefika na wa anayeondoka. Tofautisha kabla hujatoa simu mfukoni, kwa sababu hawapigwi picha kwa njia moja. Jani changa ni jembamba, nuru hulipenya. Lipige jua likiwa nyuma yake. Jani zee la mkungu ni nene, nuru hulikwaruza. Lipige jua likiwa ubavuni, ili kila mkunjo na kila tundu la mdudu lionekane.

Mchikichi, mti uliolijenga jina la Rumonge, haumo katika mashindano ya wekundu kwa upande wa majani. Wekundu wake umo kwenye matunda. Lakini usiudharau. Kuti lake likiwekwa kati yako na jua huwa kitana cha dhahabu, na kitana hicho ni fremu bora kwa jani lolote jekundu litakalosimama mbele yake.

Hatua ya 2: Weka saa, maana jua la huku halibembelezwi

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Hawakuwa wakizungumzia kupiga picha karibu na ikweta.

Hesabu ni hii. Dunia hujizungusha digrii moja kila dakika 4. Rumonge iko takriban digrii 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua huteremka karibu wima, kama jiwe lililodondoshwa kisimani. Kutoka digrii 6 juu ya upeo, pale nuru inapoanza kuwa ya dhahabu, hadi linapogusa upeo ni dakika 24 hivi. Binamu aliye kaskazini, tuseme Stockholm, hulitazama jua la Oktoba likiteleza kwa mshazari kama mzee anayeshuka ngazi, na safari ileile humchukua karibu mara mbili ya muda wako. Yeye anaweza kunywa kahawa katikati. Wewe kahawa yako ingoje.

Tena hata hizo 24 hazitimii. Ng'ambo ya ziwa imesimama milima ya Kongo, nayo humeza jua dakika kadhaa kabla ya saa liliyopangiwa. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa 11:50 na saa 12:25 jioni, hivyo huhitaji almanaki. Uwe umekwisha kuchagua jani, umekwisha kupiga magoti, na umekwisha kumaliza salamu zote saa 11:15. Salamu nazo ni sehemu ya hesabu: kutoka sokoni hadi ufukweni utakutana na watu wasiopungua kumi, na hakuna hata mmoja anayestahili kupitwa kimya. Ondoka nyumbani mapema, ili uwe mwungwana na mpiga picha kwa jioni moja.

Usiihamishie kazi hii asubuhi. Upande wa mashariki vimesimama vilima vinavyopanda hadi uti wa mgongo wa Burundi, navyo hulizuia jua changa. Likija kuchungulia mjini limekwisha kupanda, limenawa uso, na wekundu wake limeuacha nyuma ya mlima. Asubuhi ya Rumonge ni ya kupakua samaki. Nuru ya chini ni mali ya jioni.

Hatua ya 3: Simama mahali penye majua mawili

Hii ndiyo siri kubwa ya ufukwe wetu, na bustani ya binamu haina kitu cha kulingana nayo.

Jua likiwa utosini, maji tulivu hurudisha takriban asilimia 2 tu ya nuru inayoyaangukia. Iliyobaki huzama kwenda kuwamulika samaki. Kadiri jua linavyoshuka ndivyo maji yanavyogeuka kioo. Likibakiza digrii 10 hurudisha theluthi moja na zaidi, na likibakiza digrii 5 hurudisha zaidi ya nusu. Maana yake ni kwamba mwembe ulioinamia ziwa saa 11:40 jioni unamulikwa na majua mawili: moja kutoka juu ya milima ya Kongo, jingine kutoka chini, majini. Jani linang'aa mgongoni na tumboni kwa wakati mmoja. Mawimbi madogo hulifanya lile jua la chini licheze, na michirizi ya dhahabu hupanda na kushuka kwenye matawi kama watu wanaocheza ngoma bila kelele.

Kwa hiyo kwanza simama upande wa nchi kavu, jani likiwa kati yako na ziwa, na uipige ile nuru inayopenya. Dakika kumi zikipita zunguka, ziwa liwe mgongoni, na uipige ile inayotoka majini ikigonga tumbo la jani. Ni mti mmoja, jani moja, na picha mbili ambazo mtu hataamini zimetoka mahali pamoja.

Kwenye miyombo ya mlimani hutapata jua la pili, kwa kuwa maji yako mbali. Huko unapewa zawadi nyingine. Mteremko unatazama magharibi, na jioni nuru yote ya ziwa huupiga usoni. Mwisho wa kiangazi hewa imejaa vumbi na moshi wa nyasi zilizochomwa, na jua hupita humo likichujwa mpaka linabaki jekundu kama kaa la moto. Mapafu hayaufurahii moshi huo, ila rangi ya jioni hizo ni ya kipekee, na jani la shaba likipigwa na jua la shaba huwaka kweli.

Hatua ya 4: Futa lenzi. Futa tena.

Mahitaji ya kazi hii ni machache: simu yoyote yenye kamera, au kamera kama unayo, kitambaa laini cha pamba, nguo ambayo magoti yake hayajapangiwa harusi.

Kitambaa ndicho cha kwanza kwa umuhimu. Huu ni mji wa mawese. Mawese yamo kwenye chapati, kwenye maharage, kwenye noti ya kiraka uliyorudishiwa sokoni, na kutoka hapo yamo kwenye kidole chako, na kutoka kidoleni yamo kwenye lenzi. Mchana alama ya kidole haionekani. Jua la chini likiingia moja kwa moja kwenye kioo, alama hiyo husambaza nuru na kuifunika picha yote kwa ukungu wa kimanjano. Watu wengi wamenunua simu mpya kwa sababu ya tatizo ambalo kona ya fulana safi ingelimaliza.

Ukishafuta, zuia jua lisiipige lenzi. Jani lipigwe na jua, lenzi ikae kivulini. Kiganja cha mkono wa kushoto kikiwekwa juu ya simu kama mtu anayetazama mtumbwi wa mbali kinatosha kabisa.

Hatua ya 5: Sasa piga

Gusa jani kwenye kioo cha simu na ushikilie mpaka alama ya kufunga itokee. Kisha telezesha kidole kushuka, picha iingie giza kidogo. Usiogope giza. Simu ikiachiwa uamuzi itajaribu kumridhisha kila mtu, anga, maji na jani, na anayejaribu kumridhisha kila mtu humwacha jani akiwa mweupe pe. Wewe una mgeni mmoja tu wa heshima. Punguza mwangaza mpaka mishipa ya jani ihesabike, hata kama mlima ulio nyuma umekuwa kivuli cheusi, mlima hautakasirika.

Mwenye kamera ya lenzi za kubadilisha afungue tundu la lenzi hadi f/2.8 au f/4, ili nyuma ya jani pawe maziwa matupu, na ile michikichi ya mbali iwe mapovu ya dhahabu. Akitaka jua lenyewe litoe miale kama nyota kati ya makuti, alibane tundu hadi f/16. Kasi isishuke chini ya 1/250 ya sekunde, maana jani halitulii. Kichujio cha kukata mng'ao kitamsaidia kwenye majani yaliyokomaa ya mwembe, yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, lakini kifanye kazi jua likiwa ubavuni. Likiwa mbele au nyuma kichujio hicho hakina msaada mkubwa, bora kibaki mfukoni.

Halafu mpangilio wa rangi. Kamera nyingi huiona dhahabu ya jioni kama ugonjwa na kuitibu: zinaongeza ubuluu mpaka jioni inakuwa saa nne asubuhi. Ondoa mpangilio wa kujiamulia. Chagua alama ya jua, ambayo ni takriban kelvini 5,500, au alama ya wingu, iliyo juu kidogo. Dhahabu itabaki dhahabu. Na kama simu yako inaweza kuhifadhi faili ghafi, ihifadhi. Faili ghafi ni unga, na picha iliyokwisha kubanwa ni mkate. Mkate hukandiki tena.

Kuhusu upepo. Alasiri upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, na jani changa lililolegea hucheza nao kama bendera. Jioni moja ya Septemba nilikuwa nimepiga magoti chini ya mwembe karibu na mwalo, simu imeelekezwa juu, nikisubiri jani litulie. Mama mmoja aliyekuwa akianua ndagala, dagaa wetu wa ziwani, alisimama kunitazama.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu, mama. Napiga picha jani."

"Jani? Na mimi niko hapa, mzima, nimevaa kitenge kipya?"

Nikamwambia kwamba yeye ni mzima mwaka mzima, bali hili ni mtoto mchanga, limezaliwa wiki hii, na likishakuwa kijani halitakuwa jekundu tena. Alilitazama. Akafungua kitenge chake cha juu, akakitanua kwa mikono miwili upande wa ziwa, upepo ukakatika, jani likanyooka. Nilipata picha nne kabla milima ya Kongo haijafunga mlango. Jifunze kwa mama huyo: kitenge kilichotanuliwa ni kifaa bora cha studio kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina hilo, na kikiwa cheupe au cha manjano hurudisha nuru pia.

Hatua ya 6: Adabu za ufukweni

Nuru nzuri na kiboko vina ratiba moja. Jua likishuka, kiboko hutoka majini kwenda kula nyasi, na njia yake kati ya maji na malisho haipitiki na mtu mwingine. Ukiona nyayo pana na nyasi zilizolala, hamia mti mwingine. Mamba nao wapo. Gustave, yule mamba mkubwa wa mto Ruzizi ambaye Mfaransa Patrice Faye alimfuatilia kwa miaka mingi, alifanya ufukwe wa kaskazini wa ziwa hili ujulikane duniani kote. Tusiongeze simulizi jingine kwa sababu ya jani. Magoti yapigwe kwenye mchanga mkavu, si kwenye maji.

Ndani ya hifadhi, iwe ya Rumonge au ule msitu wa Kigwena ulio kusini kuelekea Nyanza-Lac, omba ruhusa kwanza. Misitu hii iko chini ya ofisi ya taifa ya hifadhi ya mazingira, OBPE, na walinzi wake wanaijua kila njia na kila mti uliochipua mapema. Ukimuuliza mlinzi myombo mwekundu uko wapi, umejipunguzia saa tatu za kupanda na kushuka. Bandarini na palipo na askari, kamera ikae mfukoni. Shambani kwa mtu, mwenye shamba asalimiwe na aonyeshwe picha.

Na usivunje tawi. Wapo wanaokata tawi zuri wakalipeleka mahali penye nuru nzuri, kama anayembeba mtoto wa watu akapigwe naye picha. Myombo uliochipua wakati wa ukame umetumia akiba yake kwenye yale majani. Mpiga picha ndiye anayelifuata jani.

Hatua ya 7: Hariri usiku, kwa mkono mwepesi

Jua likizama mengine huanza. Siku za giza la mwezi, taa za wavuvi wa ndagala hutapakaa ziwani kama mji mwingine ulioshuka majini. Wazee wanakumbuka zilipokuwa karabai. Kaa mahali unapoziona, hakikisha simu ina chaji maana umeme haukuulizi, na ufungue programu ya kuhariri. Snapseed ni ya bure na inatosha. Mwenye kompyuta atumie Darktable, nayo ni ya bure.

Anza kwa kufuta. Katika picha 80 bakiza 3. Hili ni gumu kuliko yote, lifanye kabla hujala.

Kata kingo. Kila kisichosaidia jani kiondoke: kona ya ndoo, kisigino cha mpita njia, nusu ya mbuzi. Mbuzi mzima abaki.

Punguza sehemu zilizong'aa mno, kisha inua vivuli kidogo sana. Kivuli kikiinuliwa mpaka kila kitu kionekane, jua nalo halionekani tena limetoka upande gani, na picha ya jua la chini isiyo na kivuli ni chai isiyo na majani.

Sasa fika kwenye kile kitelezi cha kukoleza rangi, na uondoe kidole chako polepole. Hapo ndipo majani mengi ya Afrika Mashariki yalipofia. Kila nukta ya picha ina mikondo mitatu, mwekundu, wa kijani na wa buluu, na kila mkondo una vipimo kuanzia 0 hadi 255. Jani jekundu lililopigwa na jua jekundu limekwisha kufika karibu na 255 katika mkondo mwekundu. Ukikoleza, mkondo huo unagonga dari, na vyote vilivyokuwa na tofauti, mishipa, vinyweleo, kovu la mdudu, vinakuwa namba moja ileile. Jani lako limegeuka kipande cha ndoo ya plastiki. Tazama histogramu: mlima wa rangi nyekundu ukiwa umebanwa ukutani upande wa kulia, rudi nyuma. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Rangi inayopiga kelele inajitembeza.

Ukihitaji uhai zaidi, punguza kijani kilicho pembeni badala ya kuongeza nyekundu. Jani litasimama lenyewe, kama mtu anayeonekana mrefu kwa kuwa waliomzunguka wameketi.

Na lililo zito kuliko yote. Programu hizi zimejaa vichujio vilivyotengenezwa tayari, vingi vikiwa vimepewa majina ya msimu wa majani wa kaskazini. Ukivigusa, shaba ya myombo inakuwa machungwa ya Kanada, vumbi la kiangazi linakuwa ukungu wa baridi, na michikichi ya nyuma inaona haya. Usivitumie. Shaba yetu ina zambarau ndani yake kwa kuwa ni ya mtoto. Ukiipeleka kwenye machungwa umemzeesha. Mwacha asili ni mtumwa, na picha nayo ni hivyohivyo. Siku ya pili, mchana, rudi kwenye mti ukiwa na simu mkononi na ulinganishe. Jani lenyewe ndilo msahihishaji wa mwisho.

Hatua ya 8: Tuma, kisha rudi

Ukiituma picha kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, itabanwa njiani kama abiria wa kiti cha nyuma, na mishipa uliyoihifadhi kwa jasho itafika imekandamizwa. Itume kama dokumenti. Itakula megabaiti zaidi, na inastahili. Maelezo yawe mafupi: mti gani, mahali gani, tarehe gani. Kwa binamu ongeza sentensi moja: la kwako linaaga, hili linafika.

Halafu andika jina la faili vizuri, uihifadhi, na mwakani rudi kwenye mti uleule, wiki ileile. Hapa kazi inaacha kuwa ya kumjibu binamu. Picha moja ni pambo. Picha tano za myombo mmoja, kwa miaka mitano, ni ushahidi: zinaonyesha mwaka ambao machipukizi yalitangulia, mwaka ambao mvua zilichelewa, mwaka ambao jirani yake wa kulia aligeuzwa mkaa. Ufukweni ni hivyohivyo. Watu wa Rumonge wameliona ziwa likipanda katika miaka hii ya karibuni mpaka likaingia majumbani, na miti iliyokuwa na kivuli cha kukaa watu ikasimama ndani ya maji. Aliyekuwa na picha za zamani za miti hiyo ana kitu ambacho hakuna ofisi itakayoweza kumrudishia mwingine. Hifadhi za miyombo zilizobaki ni ndogo, na kinachojulikana kwa jina, kwa tarehe na kwa sura hakiondoki kimyakimya.

Septemba iliyofuata niliteremka tena kuelekea mwaloni, nikiwa na kitambaa changu cha pamba na nusu saa ya ziada kwa ajili ya salamu. Sikuwa nimefika hata nusu ya njia. Yule mama aliniona kutoka kwenye ndagala zake, akainuka, akaanza kunipungia kitenge kwa mikono miwili.

"Mbio, mwanangu!" akapaza sauti, soko zima likigeuka. "Mbio! Mtoto kazaliwa tangu juzi!"